Panga mada kwanza, kipindi baadaye: tujadili namna ya kuandaa masomo

ChakiNaUbao (mwanzisha uzi)

Habari za kazi, walimu wenzangu.

Kila muhula unapoanza, walimu wanaoingia kazini huuliza maswali yale yale: andalio la somo liwe na safu ngapi, lengo mahususi lianze na kitenzi gani, hatua ya maarifa mapya ipewe dakika ngapi. Hayo ni maswali ya fomu. Mimi nataka tuzungumzie kinachotangulia fomu: mwalimu anaamuaje kipi kifundishwe, kipi kitangulie kipi, na atajuaje kwamba wanafunzi wameshika.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kupanga kuanzie kwenye mada. Mwalimu anayeandaa kipindi kimoja kimoja, kila jioni kwa ajili ya kesho yake, anachoka sana na wanafunzi wanapokea vipande visivyoungana. Aliyekaa na mada nzima kabla ya kuianza, akajua inaishia wapi na watoto watakwama wapi, anaingia darasani na karatasi ya mistari sita na somo linasimama.

Ngazi zenyewe wote tunazijua. Mtaala unaeleza mwanafunzi anatakiwa kuwa mtu wa namna gani akimaliza masomo, muhtasari unagawa hayo kwa kila somo na kila darasa, azimio la kazi linayapanga kwa wiki za muhula, na andalio linahusu kipindi. Shida iko kati ya azimio na andalio. Azimio linasema "kujumlisha sehemu, wiki mbili". Andalio linasema "kipindi cha kwanza, dakika 40". Katikati hapo kuna kazi kubwa ya kufikiri ambayo fomu nyingi hazina hata safu yake, kwa hiyo watu wanairuka.

Kabla ya yote, hesabu muda ulio nao kweli. Chukulia muhula wa wiki 13, somo lina vipindi 5 kwa wiki. Hivyo ni vipindi 65. Toa wiki mbili za mitihani na kusahihisha, unabaki na 55. Sasa katika kila vipindi sita, kimoja kiache bila mada mpya: ni cha kurudia, cha kufidia kilichoahirishwa, cha kurudi nyuma pale darasa lilipokwama. Unabaki na vipindi kama 46 vya kufundishia. Ukipanga mada za vipindi 65, tayari umechelewa kabla hujaingia darasani, na mada za mwisho utazipitia mbio. Nyingi kati ya hizo ndizo darasa linalofuata huzijengea.

Baada ya muda, nenda mwisho wa mada. Mwaka 1949 Ralph Tyler wa Marekani aliweka maswali manne ambayo bado yanaendesha kazi hii: shule inataka kufikia malengo gani, mwanafunzi apitie mambo gani ili ayafikie, mambo hayo yapangwe vipi, na tutapimaje kama yamefikiwa. Watu wengi huyafuata kwa mfuatano huo, tathmini ikaja mwisho, mara nyingi dakika tatu kabla ya kengele. Mwaka 1998 Grant Wiggins na Jay McTighe walieneza mpangilio mwingine: ukishajua lengo, amua kwanza ushahidi utakaokuthibitishia kwamba limefikiwa, shughuli za darasani zije baadaye. Ninautetea mpangilio huu kwa moyo wote, kwa sababu unamzuia mwalimu kuchagua shughuli kwa kuwa inavutia, akaja kutafuta lengo la kuibandikia.

Kwa vitendo: kabla ya kugusa andalio lolote, andika maswali matatu ambayo mwanafunzi aliyeielewa mada atayajibu na aliyekariri atashindwa. Yaweke pembeni. Hayo ndiyo mwisho wa mada yako. Kila kipindi kitakachofuata kijibu swali moja tu: kinamsogeza vipi mtoto kuelekea pale?

Karibuni tuchangie. Nitaleta mfano wa mada nzima.

MwlMpya

Shikamooni walimu wangu. Mimi nimeanza kazi karibuni. Chuoni tulifundishwa kwamba andalio linaanza na "ifikapo mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kueleza…". Sasa mwalimu, ukisema nianze na swali la tathmini, si ndiyo kufundisha kwa ajili ya mtihani?

ChakiNaUbao

Marahaba, karibu kazini.

Swali zuri. Angalia sentensi hii: "kila mwanafunzi aweze kueleza maana ya uvukizi." Mtoto anayesema "ni maji kugeuka mvuke" amefikia lengo? Kwa maneno ya lengo, ndiyo. Sasa mwulize: nguo imeanikwa ndani ya chumba, hakuna jua wala moto, na kesho yake imekauka. Maji yamekwenda wapi, na mbona hayakuchemka? Hapo utaona kama ameelewa kwamba maji huvukiza katika halijoto yoyote, au alidhani mpaka yachemke. Lengo halikubadilika hata neno. Lakini ukiwa na swali hilo mkononi kabla ya kuandaa, somo lako litakuwa tofauti kabisa: utatenga muda wa kutofautisha uvukizi na kuchemka, jambo ambalo ungeliruka kama ungebaki na neno "kueleza".

Kufundisha kwa ajili ya mtihani ni kumkaririsha mtoto majibu ya maswali uliyonayo. Ninachosema ni kuwa na swali linalofichua uelewa, halafu kufundisha uelewa wenyewe.

Kuhusu vitenzi. Orodha ya ngazi za kufikiri ya Benjamin Bloom na wenzake ya 1956, na ile iliyorekebishwa 2001 (kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni), ni msaada mzuri wa kukagua kama maswali yako yote yamekaa kwenye kukumbuka tu. Ila haina maana kwamba kila kipindi lazima kipande hadi juu. Kuna kipindi kizima ambacho kazi yake ni kukumbuka, na ni kipindi halali. Mtoto hachambui asichokijua.

HesabuNiLugha

Mwanzisha uzi, umegusa ugonjwa wetu. Mimi ni wa hisabati na ningeongeza kitu kimoja: mpango wa mada usio na orodha ya makosa haujakamilika. Kwenye kujumlisha sehemu, kosa linajulikana kabla hujafungua mlango. Mtoto ataandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Kila mwaka lipo. Walimu wengi wakiliona wanasema "hapana, tafuta kigawe kidogo cha shirika", mtoto anafuata, wiki ijayo anarudia lile lile. Hakuambiwa kwa nini 2/5 haiwezekani.

ChakiNaUbao

Mkuu, umenifungulia njia, maana mfano niliotaka kuleta ndio huo huo. Ngoja niuweke wote.

Mada: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Tuseme una vipindi nane.

Maswali yangu ya mwisho ni matatu. La kwanza: bila kukokotoa, jumla ya 1/2 na 1/3 ni kubwa au ndogo kuliko nzima, na umejuaje? La pili: tafuta 1/4 + 1/6. La tatu: mwenzako ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5; mwonyeshe kwa mchoro au kwa maneno kwamba haliwezi kuwa jibu.

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Jibu lake ni jepesi ukishaliona: 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Inawezekanaje uanze na nusu, uongeze kitu, ubaki na pungufu ya nusu? Mtoto akiliona hilo kwa macho yake, lile kosa linapoteza nguvu. Lakini ili alione, lazima awe anaweza kulinganisha 2/5 na 1/2. Je, anaweza? Hapo ndipo mpango wa mada unaporudi nyuma: anahitaji sehemu zilizo sawa kwa thamani, yaani 1/2 ni sawa na 2/4, 3/6, 5/10. Kama hilo halijakaa, vipindi viwili vya kwanza ni vya hilo, hata kama azimio linasema lilifundishwa mwaka jana.

Kisha mifano. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu uchaguzi wa namba ni sehemu ya kupanga ambayo haionekani kwenye fomu yoyote na ndiyo inayoamua somo. Mfano wa kwanza uwe 1/2 + 1/4. Asili moja inaingia kwenye nyingine, mtoto anabadilisha sehemu moja tu: 2/4 + 1/4 ni 3/4. Mchoro wake ni mrahisi. Kaa hapo mpaka wengi waweze. Mfano wa pili, 1/2 + 1/3: hakuna asili inayoingia kwenye mwenzake, zote mbili zinabadilika, 3/6 + 2/6. Mfano wa tatu, 1/4 + 1/6: hapa watoto watazidisha 4 kwa 6 wapate 24, waandike 6/24 + 4/24 = 10/24. Si kosa. Wengine watatumia 12 wapate 5/12. Weka majibu yote mawili ubaoni na uulize kama yanalingana. Sasa kigawe kidogo cha shirika kina sababu ya kuwepo: kinapunguza kazi. Ukikileta siku ya kwanza, ni amri tu.

Mwalimu aliyechukua namba za kwanza zilizomjia kichwani, akaanza na 3/7 + 5/9, amempa mtoto mambo matano ya kushika kwa wakati mmoja. Nelson Cowan alieleza mwaka 2001 kwamba kumbukumbu ya kufanyia kazi ya binadamu, yaani ile inayoshika mambo anayoyafikiria wakati huo, hubeba takribani vitu vinne kwa pamoja. Kichwa kikijaa namba, hakuna nafasi ya wazo.

Kwa hiyo vipindi nane vinakaa hivi: viwili vya sehemu zilizo sawa kwa thamani na kulinganisha na nusu, kimoja cha 1/2 + 1/4 na ndugu zake, viwili vya asili zisizoingiliana, kimoja cha kigawe kidogo, kimoja cha mafumbo ya maneno, na cha mwisho ni cha yale maswali matatu pamoja na kurekebisha. Andalio la kila kipindi sasa linajiandika lenyewe.

DarasaLaWengi

Nawasoma kwa hamu, ila walimu, darasa langu limejaa. Wanafunzi wamebanana madawatini, kupita katikati yao ni shida. Hizo habari za kumwuliza kila mtoto "umejuaje" zinatekelezekaje? Nikisahihisha madaftari yote kila siku silali. Mipango mingi ninayoisoma imeandikwa na mtu mwenye watoto ishirini.

ChakiNaUbao

Hoja yako ni nzito. Darasa kubwa linabadilisha mpango, na ni haki mpango ukubali hilo tangu mwanzo.

Andaa mapema maswali mawili ya kuchagua jibu kwa kila kipindi, na kila jibu lisilo sahihi libebe kosa linalojulikana. Mfano: 1/2 + 1/3 ni (1) 2/5, (2) 5/6, (3) 2/6, (4) 1/5. Watoto wanaonyesha kwa vidole kifuani, wote kwa pamoja ukihesabu tatu. Kwa sekunde kumi umeona darasa zima. Anayeonyesha kidole kimoja unajua anawaza nini, maana jibu hilo ulilitega wewe. Liandike swali hilo jioni, usilitunge papo hapo. Maswali ya kutunga umesimama hutoka mepesi mno.

Kuhusu madaftari: mwisho wa kipindi toa swali moja tu, wajibu kwenye nusu karatasi. Usisahihishe zote. Chukua kumi na tano kutoka mistari tofauti ya madawati, zigawe mafungu matatu: wameshika, wamekaribia, wamepotea. Hiyo ni kazi ya dakika chache na inatosha kuamua kesho unaendelea au unarudi. Paul Black na Dylan Wiliam walipokusanya tafiti za tathmini ya aina hii mwaka 1998, walionyesha kwamba inainua ujifunzaji pale majibu yanapotumika kubadilisha kinachofuata. Kusahihisha bila kubadilisha chochote kunabaki kuwa kumbukumbu za alama.

Na uliza kisha nyamaza. Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza, akakuta wastani wake ni sekunde moja hivi. Walipofika sekunde tatu na kuendelea, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Sekunde tatu zinawezekana kwenye darasa lolote, hata lililojaa. Ziandike kwenye andalio lako kabisa: "nasubiri".

Mtaaluma

Walimu, nawaheshimu, ila niseme upande wa pili. Mimi ndiye ninayekusanya maandalio kila wiki. Mnaisema fomu kama adui. Mwalimu akiugua ghafla, anayeshika kipindi chake anakuta nini? Karatasi ya mistari sita anayoielewa mwenyewe? Fomu kamili inawalinda watoto. Pia kuna walimu, na tuseme ukweli, ambao bila kudaiwa andalio hawaandai kabisa. Na mkaguzi akija haombi mawazo yako, anaomba andalio.

ChakiNaUbao

Mkuu, hoja ya mwalimu kuugua nakubaliana nayo moja kwa moja. Mpango unaobaki kichwani mwa mtu mmoja ni hatari kwa watoto.

Lakini tujiulize anayeshika kipindi anahitaji nini. "Mbinu: majadiliano. Zana: chati. Utangulizi: kuwauliza wanafunzi walichojifunza kipindi kilichopita." Hayo hayamsaidii. Atasimama ubaoni hajui aanze na mfano upi wala kosa lipi atarajie. Mpe badala yake mifano mitatu kwa mfuatano wake, swali la katikati, kosa linalotarajiwa na namna ya kulijibu, na swali la kutokea, yaani lile moja la mwisho wa kipindi. Hata asiye wa somo hilo anaweza kukishika kipindi. Fomu ikidai hayo, mimi ni wa kwanza kuitetea.

Na kama wewe ndiye unayekusanya, una nguvu kuliko sisi wote hapa. Ukiacha kuhesabu kurasa, ukaanza kumwuliza mwalimu "kosa gani unalitarajia kesho?", ndani ya muhula mmoja maandalio yatabadilika.

Mtaaluma

Hilo la kuuliza kosa nimelichukua. Kuhusu kupunguza safu, bado sikubali. Mwalimu mgeni anahitaji zile hatua zote mpaka zimkae, na mwenye uzoefu hatakufa kwa kuandika nusu ukurasa zaidi.

HesabuNiLugha

Naona wote wawili mnasahau kitu. Kwa nini kila mwalimu apange peke yake? Kule Japani walimu wana utaratibu wa siku nyingi: kikundi kinakaa kuandaa somo moja kwa kina, mmoja analifundisha, wengine wanakaa darasani kuangalia wanafunzi (wanafunzi, jamani, siyo mwalimu), kisha wanakaa tena na kulirekebisha. Somo moja linaweza kuwachukua wiki kadhaa. Wanaandika hata majibu ambayo watoto wanatarajiwa kuyatoa, sahihi na yasiyo sahihi, na mwalimu atafanya nini na kila moja. Sisi tukiwa watatu tunaofundisha darasa lile lile, tunaandika maandalio matatu yanayofanana bila kuongea.

ChakiNaUbao

Naunga mkono kwa asilimia zote. Mgawane mada: mmoja aandae mpango wa sehemu, mwingine wa vipimo, mwingine wa maumbo, mkutane mara moja kabla ya kila mada muisome pamoja. Mwakani mnaanzia pale mlipofika.

InshaNaUfahamu

Samahani kuingilia mambo ya hesabu. Mimi ni wa lugha. Mada zenu zina ngazi: huwezi hii kabla ya ile. Kwangu mimi mtoto anaandika insha darasa la chini na anaandika insha darasa la juu. Mpangilio unatoka wapi? Azimio langu linasema "insha ya hoja, wiki moja", na baada ya hapo haionekani tena mpaka mtihani.

ChakiNaUbao

Dada au kaka, umeleta swali gumu kuliko yote humu.

Lugha inaendeshwa na stadi, na stadi haimalizwi kwa wiki moja ikafungwa. Jerome Bruner aliandika mwaka 1960 juu ya mtaala wa mzunguko: wazo lile lile linarudi mara kwa mara, kila likirudi linakwenda ndani zaidi. Mimi ningechukua vipindi vya ile wiki ya insha ya hoja nikavitawanya muhula mzima, na kila mzunguko ukawa na jambo moja tu jipya. Mzunguko wa kwanza: kutoa dai na sababu moja, aya moja, hakuna zaidi. Wa pili: sababu inayotosheleza na ile inayorudia dai kwa maneno mengine. Hapa pana kazi, kwa sababu watoto wengi huandika "kusoma ni muhimu kwa sababu kuna umuhimu mkubwa", wakaona wametoa sababu. Wape sentensi kumi za namna hiyo, watenganishe sababu za kweli na marudio. Wa tatu: kutaja hoja ya mpinzani na kuijibu. Wa nne: kuziunga aya. Insha nzima iandikwe mwisho wa muhula, na isahihishwe kwa yale manne uliyofundisha. Ukisahihisha tahajia, mwandiko, nukta na hoja kwa pamoja, karatasi inarudi imejaa wino mwekundu na mtoto hajui aanzie wapi.

Halafu wape insha nzuri ya kusoma kabla hawajaandika yao. Kwenye aljebra John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985 kwamba wanafunzi waliopewa mifano iliyokwisha kufanyiwa kazi, ikipishana na maswali ya kujaribu, walijifunza kwa muda mfupi kuliko walioachwa na maswali matupu. Naamini kwenye uandishi nako mwanafunzi anahitaji kuona kazi iliyokamilika, ikafunguliwa kipande kwa kipande, kabla ya kuachwa na ukurasa mweupe.

MwlMpya

Asanteni sana. Nimepata mengi. Naomba kuuliza la marudio. Nikifundisha mada vizuri, baada ya mwezi wamesahau kama hawajawahi kuisikia. Hili nalo linapangwa au ni bahati?

ChakiNaUbao

Linapangwa, na nafasi yake ni kwenye azimio la kazi lenyewe. Kusahau ni kawaida ya akili. Hermann Ebbinghaus alikwisha kulipima jambo hili kwa kujifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Tunachoweza kuamua ni lini mtoto atatakiwa kukumbuka tena.

Kwenye azimio, pembeni ya kila mada, andika tarehe mbili: moja baada ya wiki moja, nyingine baada ya wiki nne hivi. Tarehe hizo zikifika, dakika tano za mwanzo wa kipindi ni maswali matatu ya mada ile ya zamani, madaftari yamefungwa. Kufungwa kwa daftari ndiyo siri yake. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti mwaka 2006: wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena waliwashinda wenzao walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya siku mbili, na pia baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima kukumbuka bila kitabu ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo "fungueni madaftari tupitie tulichosoma" inawapa watoto hisia ya kujua kwa siku ile tu.

Pale penye utangulizi kwenye fomu ya andalio, pana nafasi ya hilo tayari. Itumie.

DarasaLaWengi

Na ile safu ya maoni mwisho wa andalio? Wote tunaandika "somo limeeleweka".

ChakiNaUbao

Hiyo ndiyo safu yenye thamani kuliko zote, na ndiyo tunayoitendea vibaya zaidi. "Somo limeeleweka" haimwambii chochote mwalimu wa kesho wala wewe mwenyewe mwakani. Andika hivi: "Kati ya karatasi 15, 6 zimejumlisha asili. Mchoro wa mstatili umesaidia kuliko wa duara. Mfano wa tatu umekuja mapema mno." Sentensi tatu. Ziandike ukiwa bado mlangoni, kabla hujaingia ofisini na mengine yakakuchukua.

Mwaka ukiisha, kusanya maoni hayo kwa kila mada kabla ya kuandika azimio jipya. Hilda Taba, aliyefanya kazi na Tyler, aliandika mwaka 1962 kwamba mtaala unapaswa kujengwa kutoka chini, walimu wakianza na mafungu ya masomo waliyoyajaribu darasani, badala ya kusubiri kila kitu kishuke kutoka juu. Safu ya maoni ikijazwa kweli, hiyo kazi umekwisha kuianza.

MwlMpya

Mwalimu, la mwisho. Jumatatu naanza mada mpya, na leo ni Ijumaa. Sina muda wa kufanya yote haya. Nianze na lipi?

ChakiNaUbao

Andika yale maswali matatu ya mwisho. Yajibu mwenyewe kwa maandishi kamili, kama mwanafunzi, na kila unapotumia kitu ambacho hujakifundisha, kipigie mstari. Vilivyopigiwa mstari ndivyo vipindi vyako vya kwanza. Kisha mtafute mwalimu aliyefundisha mada hiyo mwaka jana, umwulize jambo moja: watoto walikosea wapi? Jumatatu ingia na hayo. Andalio kamili la Jumanne utaliandika Jumatatu jioni, ukiwa na karatasi zao za swali la kutokea mbele yako.